UA ya zamani, UB, UA ya kidijitali au namba ya jirani: soma namba ya gari kabla ya kulinunua Uganda

Tangazo la gari la mtumba Uganda huwa fupi: "Premio, UBF, silva, haijagongwa." Herufi zile tatu hutajwa kabla ya kilomita, mara nyingi hata kabla ya mwaka wa kutengenezwa, na dalali akiona unasitasita atazirudia: "Ssebo (bwana), hii ni UBF, si UAP." Ana haki ya kuzirudia, kwa sababu herufi zina bei. Magari mawili ya aina moja, rangi moja na injini moja yakisimama pamoja, lenye herufi za karibuni litaombewa pesa zaidi.

Ila namba haisemi gari lina miaka mingapi. Inasema liliandikishwa Uganda lini kwa namba hiyo, basi. Mnunuzi anayechanganya mambo hayo mawili hulipia ujana ambao gari halina, au hulikimbia gari zuri kwa sababu ya herufi zilizozeeka.

Hapa tunaziweka pamoja namba nne ambazo mnunuzi wa Kampala, Mbale, Busia au Mbarara hukutana nazo: mfululizo wa UA wa zamani (UAA hadi UAZ), mfululizo wa UB, namba mpya za kidijitali, na namba za nchi jirani kama Kenya na Tanzania. Namba si gari, na ndani ya kila kundi kuna magari mazuri na mabovu. Kinachobadilika kutoka kundi moja hadi jingine ni maswali unayopaswa kuuliza.

Vigezo tulivyotumia

Tumezipima zote kwa mambo yaleyale: namba inasomwaje, inafichua nini kuhusu umri wa gari, karatasi zake huwa na matatizo gani, itakutoza nini zaidi ya bei ya gari, hila zipi hufanywa nayo, na siku ya kuuza tena itakuwaje. Karatasi tumezipa uzito mkubwa kuliko yote. Injini mbovu hutengenezwa, lakini gari lisiloweza kuhamishiwa jina lako utalipaki na kuliangalia tu.

Namba inasomwaje

Katika UA ya zamani na UB mpangilio ni mmoja: herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Chukua UBD 417K. U ni Uganda. BD ndiyo mfululizo. 417 ni namba ya gari ndani ya kundi lake, na K ni kundi lenyewe. Zilitolewa kwa kufuatana: 001A hadi 999A, kisha 001B, na kuendelea mpaka herufi za mwisho ziishe, ndipo mfululizo unaofuata ulipofunguliwa. UAZ ilipokwisha ikaja UBA.

Wanunuzi wengi hutazama herufi tatu za mwanzo na kuisahau ile ya mwisho, nayo ina habari. Kati ya UBD 950A na UBD 050Z kuna nafasi ya magari zaidi ya elfu 20. Zote ni "UBD" katika tangazo, na ya pili inaweza kuwa jirani wa karibu wa UBE kuliko wa ile ya kwanza. Ukiambiwa "UBD" kwa simu, omba namba kamili. Asiyetaka kuitaja ana sababu yake.

Pikipiki zina mfululizo wao: UD, UE, kisha UF. Ukiona gari lina namba inayoanza na UE, usijadili bei kwanza. Jadili namba.

Namba za kidijitali zimekuja na mpangilio mwingine: herufi mbili, tarakimu tatu, herufi mbili, kama UA 123AB. Hapa ndipo masikio hudanganyika. UAB 123A ni gari lililoandikishwa zamani sana, wakati UA 123AB ni la juzi. Katika simu zote mbili husikika kama "UA, moja mbili tatu". Uliza swali moja tu: "Herufi ngapi mbele ya tarakimu?" Tatu ni ya zamani, mbili ni mpya.

Za jirani ni rahisi kuzitambua. Kenya huanza na K, halafu herufi mbili, tarakimu tatu na herufi moja, na pikipiki zake huanza na KM. Tanzania ni T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Bati la gari la mtu binafsi wa Tanzania ni la njano, la gari la biashara ni jeupe. Kwa hiyo gari la T lenye bati jeupe limefanya kazi ya kubeba watu au mizigo, hata muuzaji akisema lilikuwa la kwenda kanisani tu.

Umri: namba inafichua nini

UA ya zamani ina sifa moja ya kupendeza: haiwezi kujifanya kijana. Mfululizo huo ulikwisha kitambo, kwa hiyo gari lolote lenye UA ya herufi tatu limekwisha kula barabara za Uganda kwa karibu miaka kumi au zaidi, juu ya miaka iliyotumika Japani. Unajua unachonunua. Bushi, shokabu, raba za injini, mabomba ya rejeta: weka bajeti ya vyote, na kimojawapo kikiwa kizima hesabu kuwa umebahatika.

UB ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi wa umri, na sababu ni sheria. Tangu Oktoba 2018 Uganda inazuia kuingizwa kwa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa mitambo na magari machache ya kazi maalumu. Mstari huo unapita katikati ya mfululizo wa UB. Magari ya UB za mwanzo yaliingia kabla ya katazo, na mengine yalishuka melini yakiwa tayari wazee. Toyota Wish ya chesisi ya ZNE10 ilitoka kiwandani kuanzia 2003. Ikiingia Uganda 2017 inapata namba ya UB kihalali kabisa, na leo bati lake linaonekana changa kuliko la Wish ya 2005 iliyoingia mapema na kupewa UA. Nani mzee? Bati haliwezi kukujibu.

Kuna njia nyingine ambayo gari zee hupata namba changa: kuandikishwa upya. Magari ya serikali (UG), ya wilaya (LG) na ya polisi (UP) yakichakaa hupigwa mnada, na aliyeshinda huyaandikisha kwa namba ya kiraia ya siku hiyo. Yale ya kibalozi (CD) na ya miradi iliyosamehewa kodi nayo huuzwa, kodi ikalipwa, yakapata namba mpya. Pikapu iliyozunguka Karamoja miaka kumi na miwili ikibeba chanjo inaweza kuja sokoni na UB ya mwisho au hata namba ya kidijitali. Si lazima iwe mbaya, kwani baadhi ya taasisi hizo zilikuwa na karakana nzuri na vitabu vya sevisi vilivyojazwa. Lakini usiinunue kwa bei ya gari lililotoka bondi (ghala la magari yaliyoagizwa ambayo bado hayajalipiwa kodi) jana.

Namba ya kidijitali kwa gari lililoingizwa moja kwa moja kutoka nje inakupa dari: halikufikisha miaka 15 lilipoingia. Dari hilo, hata hivyo, ni refu. Gari la miaka 14 linapita chini yake bila kuinama.

Kenya huzuia magari ya zaidi ya miaka minane kuingizwa, kwa hiyo gari la K lililoingia huko kama mtumba huwa lilifika Afrika Mashariki likiwa changa kuliko mengi yanayoletwa Uganda. Hiyo ni faida halisi, na ndiyo inayowavuta watu Busia na Malaba. Tutaona inavyoliwa na kodi.

Umri wa kweli unasomwa kwenye gari lenyewe, na kazi hiyo huchukua dakika kumi. Anza na kibati cha utambulisho ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, kisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Toyota nyingi iko kwenye ukuta kati ya injini na kabini, au chini ya kiti cha mbele. Herufi za mwanzo zinakuambia kizazi: Premio ya ZZT240 ni ya kati ya 2001 na 2007, NZT260 na ZRT260 ni za kuanzia 2007. Kisha vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho. Chini kabisa kuna lebo ndogo ya kitambaa, na kwenye magari mengi ya Japani ina mwaka. Mikanda miwili ya mbele yenye miaka tofauti ina maana mmoja ulibadilishwa, na mkanda haubadilishwi bila kisa. Mwisho linganisha na mwaka ulioandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari.

Karatasi

Hapa magari ya UA ya zamani hupoteza alama nyingi. Gari limepita mikononi mwa watu wanne au watano, na pengine ni wa kwanza tu aliyeandikwa kwenye logibuku. Wengine walikabidhiana logibuku, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), na ufunguo. Wewe unayetaka kuhamisha jina utahitaji mtu ambaye jina lake liko kwenye rejesta, na huenda amehama nchi au amefariki. Akiwa amefariki hakuna njia ya mkato. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi mwenye barua za mahakama, si mtoto mkubwa wala mjane, hata kama ukoo mzima unakubali.

Kasoro nyingine ya UA ni injini. Nyingi zilishabadilishwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, injini ikatoka gari jingine, na hakuna aliyekwenda kurekebisha rekodi. Namba ya injini kwenye logibuku inasema hivi, chuma kinasema vile. Akikukagua askari mwenye macho, au ukipeleka gari kuhakikiwa, utaonekana wewe ndiye mwizi. Muuzaji arekebishe kwanza, kwa gharama yake, ndipo mzungumze.

UB ina jina moja au mawili tu kwenye mnyororo wake, hivyo uhamisho huwa mwepesi. Ugonjwa wake ni mikopo. Gari la UB lina thamani ya kutosha kuwekwa rehani, na wakopeshaji wa logibuku wamejaa mjini. Dalili ni logibuku isiyoonekana: "iko kwa wakili", "iko kijijini", "nina fotokopi". Tangu sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana ya mali zinazohamishika, kuna rejesta ya kielektroniki inayosimamiwa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ambako mkopeshaji huandikisha kwamba gari fulani ni dhamana yake. Tafuta humo kwa namba ya chesisi na kwa jina la muuzaji pia, kwa sababu kosa la tarakimu moja linaweza kulificha gari.

Gari la bondi lenye namba ya kidijitali, au linalosubiri kupewa, lina karatasi fupi kuliko zote, ila zikague. Dai ithibati ya kodi zilizolipwa URA (mamlaka ya mapato) kwa namba ya chesisi hiyohiyo, na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinachodaiwa na UNBS (shirika la viwango). Ukinunua kwa awamu, logibuku haitatoka kwa jina lako mpaka awamu ya mwisho. Soma kwenye mkataba gari litakuwa la nani ukichelewa mwezi mmoja. Mikataba mingine inamruhusu muuzaji kulichukua na kubaki na ulicholipa.

Namba ya jirani ni shauri jingine. Gari la Kenya au Tanzania huingia Uganda kwa kibali cha muda kinachotolewa mpakani, Busia, Malaba au Mutukula, pamoja na bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Kibali hicho ni cha kutembea na kurudi. Hakimruhusu mwenye gari kuliuza ndani ya Uganda. Ukipewa logibuku ya Kenya na ufunguo, umenunua gari ambalo kwa jicho la forodha ni la magendo siku kibali kitakapokwisha. Njia halali ipo: gari lifutwe kwenye rejesta ya lilikotoka, litangazwe forodha, lithaminiwe upya na URA, kodi zilipwe, lipewe namba ya Uganda. Na kikomo cha miaka 15 kinalihusu vilevile.

Kwa zote nne, hakikisha mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia gari. Jina la anayeuza liwe lile la kwenye logibuku na kwenye kitambulisho cha taifa. Namba ya bati, ya stika ya bima kwenye kioo, ya logibuku na ya mfumo wa uandikishaji ziwe moja. Chesisi na injini zisomwe kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Gari lisiwe na kizuizi cha kodi, cha mahakama au cha polisi. Palipo na shaka ya wizi, dawati la Interpol la Polisi ya Uganda huhakiki magari. Na nyote wawili muwe na TIN (namba ya mlipakodi), maana bila hiyo uhamisho hauanzi. Kazi ya kuandikisha magari, iliyokuwa ya URA miaka yote, imehamia Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo usishangae logibuku ya zamani ikiwa na nembo ya URA. Ni halali.

Gharama ya namba yenyewe

Kwa ada zilizotangazwa na serikali, namba ya kidijitali kwa gari jipya kwenye rejesta ni shilingi 714,300. Gari lenye namba ya zamani linalobadilishiwa ni shilingi 150,000, na pikipiki ni shilingi 50,000. Ukinunua UA ya zamani au UB isiyobadilishwa, iweke hiyo 150,000 kwenye hesabu, pamoja na ada za uhamisho na ushuru wa stempu. Si pesa nyingi kando ya bei ya gari, lakini ni hoja nzuri ya kupunguziwa.

Bondi ina swali lake: "Bei hii ni pamoja na kodi na namba?" Mara nyingi bei iliyobandikwa kwenye kioo haina kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Juu yake kuna VAT asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 6, tozo ya miundombinu asilimia 1.5, na kwa magari ya umri mkubwa tozo ya mazingira. VAT hutozwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezwa ushuru, ndiyo maana jumla hupita ile unayopata kwa kujumlisha asilimia kichwani. Tena URA ina thamani zake za magari ya mtumba, na hailazimiki kukubali risiti ya bei uliyonunulia Japani.

Gari la jirani hubeba karibu mzigo huohuo wa kodi, na kabla ya hapo mwenyewe alishalipa kodi za kwao, ambazo bila shaka amezitia kwenye bei. Ndiyo maana gari la K linaloonekana la bei nusu huacha kuwa hivyo likishapita forodha kihalali. Anayekuhakikishia kuwa litabaki nusu ya bei ana mpango wa kutopita.

Hila na mambo yanayoharibika

Bati la kawaida la UA au UB ni kipande cha alumini kilichoshikiliwa kwa skrubu mbili au nne. Hung'olewa na kuhamishiwa gari jingine, tena kwa bisibisi tu. Kagua matundu ya skrubu: bati lililokaa muda mrefu huacha alama ya vumbi na rangi iliyopauka nyuma yake, na skrubu huwa na kutu ya rika moja na bati. Skrubu zinazong'aa kwenye bati lililopinda zinahitaji maelezo. Tazama pia herufi zilizoguswa kwa rangi: F hufanywa E kwa mstari mmoja, P ikawa R, 3 ikawa 8. Guu jipya husimama bila mwinuko wa chuma chini yake, na kidole hulihisi kabla ya jicho.

Namba ya kidijitali imetengenezwa ili kuzuia hayo. Imeunganishwa na mfumo wa ufuatiliaji wa magari ambao serikali iliingia nao mkataba na kampuni ya Urusi mwaka 2021, ikaanza na magari ya serikali. Kwa mwenye gari la halali huo ni ulinzi dhidi ya bati kunakiliwa. Ila gari lako linaweza kufuatiliwa, na wako wasiopenda hilo. Ni hoja ya haki, isipokuwa haitakusaidia kuchagua gari, kwa kuwa mpango ni kwamba magari yote yabadilishiwe namba kwa awamu.

Faini ni jambo jingine. Juni 2025 faini za kamera zilianza kutumwa kwa wenye magari, zikasitishwa siku chache baadaye baada ya malalamiko. Zirudi au zisirudi, kamera hutafuta jina kupitia namba. Ukinunua gari bila kuhamisha jina, makosa yako yatamwangukia aliyekuuzia, na ya kwake ya zamani yatakusubiri wewe siku ya uhamisho. Angalia madeni ya faini kabla ya kulipa, si baada.

Bati likipotea, na la mbele hupotea sana kwenye mafuriko ya barabara za Kampala, nenda polisi upate ripoti ya upotevu kisha uombe jingine rasmi. Usiende kwa fundi wa kuandika mabati kando ya barabara. Hata kama namba ni ileile, bati ni la kughushi.

Siku ya kuuza tena

Hapa herufi zina nguvu zaidi ya akili. UB hushuka thamani kila mfululizo mpya unapofunguliwa, hata gari likiwa limelala gereji. UA ya zamani imekwisha kushuka ilikoweza, kwa hiyo ukiinunua vizuri na kuitunza unaweza kuiuza baada ya miaka miwili bila hasara kubwa. Namba ya kidijitali hupoteza pakubwa mwaka wa kwanza, kama kitu chochote kipya. Gari la jirani lisilolipiwa kodi halina soko halali kabisa.

Kila moja inamfaa nani

UA ya zamani inamfaa mwenye pesa taslimu kidogo, fundi anayemwamini na subira ya kusafisha karatasi. Haimfai anayesafiri Kampala–Gulu kila wiki peke yake. UB inamfaa mnunuzi wa kati anayetaka gari lililoonekana likitembea, ambaye yuko tayari kuhakiki mwaka na mikopo. Namba ya kidijitali kutoka bondi inamfaa anayetaka jina lake liwe la kwanza kwenye logibuku, na mwenye mkopo wa benki, kwa sababu benki hupenda karatasi fupi. Gari la namba ya jirani linamfaa anayeishi nchi hizo mbili kweli na kuliandikisha kule lilikolipiwa kodi, au aliyepiga hesabu yote ya forodha na bado ikamlipa.

Ukiwa katika hali hii

*Una pesa za UB ya mwanzo au za UA ya mwisho iliyotunzwa.* Acha herufi, linganisha miaka ya chesisi. Ikiwa UA imetengenezwa mwaka uleule au baadaye, na jina la muuzaji ndilo lililo kwenye logibuku, UA ndiyo bei nafuu. Ikiwa logibuku ina jina la mtu wa tatu, chukua UB.

*Unataka drone, yaani Hiace, ya kufanya teksi.* Hiace zile hufanya kazi mchana na usiku, hivyo UB ya miaka mitatu kwenye barabara ya Masaka inaweza kuwa imechoka kuliko UA iliyokuwa ya shule. Uliza ilifanya kazi gani kabla ya kuuliza herufi.

*Unaona gari la bondi na UB ya mwisho kwa bei moja.* La bondi ni geni kwa fundi wa Uganda, wakati la UB lina kasoro zilizokwisha kujitokeza na kutibiwa. Likiwa na risiti za sevisi, UB si chaguo la kudharau. Bila risiti, la bondi.

*Unaishi Busia na jirani anakuuzia KD kwa bei ya ajabu.* Mwambie mwende pamoja kwa wakala wa forodha, apige hesabu ya kodi kwa namba ya chesisi. Akikataa kwenda, umeshapata jibu.

*Unanunua bodaboda.* UF na UE zinatofautiana kwa bei, lakini pikipiki huchakaa kwa kazi kuliko kwa miaka. Kagua namba ya fremu kwenye shingo ya usukani chini ya taa, iwe haijasuguliwa kwa tupa, na ulinganishe na logibuku. Nyingi zilinunuliwa kwa mkopo wa awamu, kwa hiyo dai barua ya kumaliza deni. Kisha iweke ile 50,000 ya namba mpya kwenye bei kabla hamjapeana mikono.